Mwewe hawapumziki, wanakula

Asante kwa habari hii ya mwewe wanaokusanyika kwenye mbuga za nyasi huku Kanada. Ila mwandishi kasema wanapumzika kabla ya safari. Hapana jamani, wanakula! Naendesha lori Saskatchewan, na mwezi wa tisa niliwahi kusimama kando ya shamba lililotoka kuvunwa nikahesabu zaidi ya 40. Wengi walikuwa chini, wanatembea kama kuku wa nyumbani, wanadonoa panzi. Mmoja alinikaribia mpaka nikaona mguu wa panzi unaning'inia mdomoni mwake.

Hao ni mwewe wa Swainson. Wanakwenda hadi Argentina, kilomita kama 10,000, wakibebwa na hewa ya moto inayopanda, mbawa wamezitandaza tu. Na huko ndiko walikokutana na msiba: msimu wa 1995 na 1996 walikufa kwa maelfu, kwa sumu ya monokrotofosi iliyopuliziwa panzi mashambani. Argentina baadaye wakaipiga marufuku. Habari haikuligusa hilo hata kwa sentensi moja, na limeniuma, maana panzi ndio chakula chao huku na kule.