Siri na Tustroki Havikai Nyumba Moja

Mtu mwenye siri Njombe, mwezi wa Julai, aende kwa miguu. Mimi nilikuwa na siri, na usafiri wangu ulikuwa Yamaha DT 125 niliyoachiwa na baba mdogo alipostaafu ubwana shamba.

Siri yenyewe ilikuwa Makambako, kama kilomita 60, ikiuza duka la dawa za mifugo. Nilitaka niende Jumamosi, nimsalimie, nirudi kabla shangazi hajanusa kitu. Shangazi ndiye aliyenilea. Habari ya binti ikimfikia asubuhi, mchana ameshauliza ukoo.

Sasa, kuna injini unawasha na kuondoka. Hii si ya hivyo. Ni tustroki, inachoma oili pamoja na petroli, na kwenye baridi ile ya barafu kulala kwenye majani ya bondeni, petroli inagoma kugeuka mvuke. Inabaki matone matone na kulowesha plagi. Unafungua koki, unavuta choki, unapiga kiki. Inakohoa. Unapiga tena. Kimya. Unavua koti. Ikija kukubali, haikubali kwa adabu: inapiga kelele za bati na kutoa moshi wa buluu unaotambaa chini chini mpaka majikoni kwa watu.

Na hapo bado huruhusiwi kuondoka. Baba mdogo alinikabidhi funguo kwa sharti moja: pistoni ni alumini, silinda ni chuma, pistoni inawahi kutanuka, silinda inachelewa. Ukivuta resi mapema vinang'ang'aniana, unarudi nyumbani unasukuma. Kwa hiyo unarudisha choki kidogo kidogo, huku unasikiliza. Ikitaka kuzima unaibembeleza na resi, mpaka itulie kwenye sailensa, iungurume taratibu yenyewe bila resi.

Muda wote huo mtaa mzima una masikio.

Wa kwanza kutokea moshini alikuwa mama jirani.

"Kamwene, baba! Makambako, eh?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini mtu anayepasha injini muda wote ule haendi Uwemba hapo karibu. Mama alishapiga hesabu zake. Kabla sijatunga uongo, kiroba cha viazi mviringo kilishapanda juu ya tangi. "Mpelekee binti yangu, yuko karibu na stesheni ya TAZARA. Ukiuliza utaonyeshwa."

Nikapapasa silinda. Vuguvugu.

Fundi cherehani akaja na kipande cha kitambaa, nimtafutie uzi wa rangi ile ile. Mzee wa nyumba ya kona yeye hakuagiza kitu. Alichuchumaa, akanyoosha viganja kwenye silinda kama aliyekaa kwenye mafiga, na kila nilipotaka kupanda alinizuia: "Bado, kijana. Iache ishike moto." Nina hakika alikuwa anazungumzia viganja.

Ndipo nikasikia springi ya nyuma ikishuka. Kugeuka, shangazi: kitenge kipya, mkoba kwapani, ameshakaa upande.

"Twende baba, petroli inaisha."

"Shangazi, mimi naenda kufuata mbolea."

"Mwanamume haoshi pikipiki usiku kwa ajili ya mbolea."

Mzee akacheka mpaka akaondoa mikono kwenye silinda. Nikaigusa: imeiva. Kisingizio kikawa kimekwisha.

Njiani pikipiki ilikwenda vizuri, hilo nisiifiche. Ila karibu na Makambako nikaanza kusikia harufu ya plastiki, halafu ya chakula. Kiroba kilikuwa kimeteleza na kulalia ekzosi. Kimetoboka, na viazi vya upande ule vimeungua ganda. Shangazi alimenya kimoja pale pale kando ya barabara, akaonja, akasema kimekosa chumvi.

Nilipanga kupitia stesheni kwanza. Shangazi akasema viazi haviozi kwa nusu saa, dukani kwanza. Nikamtambulisha kwa binti kama mteja mwenye ng'ombe. Hakuuliza habari za ng'ombe hata mmoja. Aliuliza jina la babu, kanisa la bibi na kijiji cha mama, na kabla sijapata neno la kuingiza, duka limefungwa na sisi tunaongozwa nyumbani kwao, binti mbele, mimi nyuma nasukuma pikipiki iliyozimwa kwa heshima.

Mlangoni shangazi akatazama mikono yake, kisha akatazama tangi.

"Shusha."

"Shangazi, vile ni vya..."

"Shusha, mwanangu." Na kwa mama mwenye nyumba, sauti laini ambayo mimi sijawahi kusikia tangu anilee: "Hatukuja mikono mitupu, dada."

Mama jirani alitusikia jioni tukiwa bado mbali, kwa hiyo tulimkuta ameshasimama getini.

"Viazi vimefika? Binti amefurahi?"

"Amefurahi sana, mama," nikasema, na Mungu anajua sikuongopa.