Mto Usiolaliwa na Bei Yake

Lile tangazo limezunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Picha ya meli nyeupe ya kitalii, ndefu kama mtaa, bahari ya buluu ambayo haipo popote duniani, na maandishi manene: usiku 7 Mediterania, kuanzia dola 700 kwa mtu. Watu wakaanza kumwaga makofi na vimoto. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna kinyota: bei ni kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja. Yaani ile "kwa mtu" ni kwa mtu mwenye mtu. Asiye na mtu, bei yake haikuandikwa popote, na si kwa kusahau.

Tuipige hesabu basi, kwa tarakimu za mfano. Nauli 700. Tozo za bandari na kodi 150. Bakshishi, ile ya hiari ambayo hukatwa kabla hujaombwa, 20 kwa siku mara 7 ni 140. Wawili wanalipa 990 kila mmoja, jumla 1,980. Sasa aingie mmoja peke yake kwenye kabini ileile. Nauli inazidishwa mara mbili, 1,400. Tozo za bandari zinabaki 150 kwa sababu bandari inahesabu vichwa. Bakshishi inabaki 140 kwa sababu nayo inahesabu vichwa. Jumla 1,690. Kwa hiyo wanaosema msafiri wa peke yake hulipa mara mbili wamezidisha kidogo. Hapa analipa mara 1.7. Tofauti hiyo ina kazi yake. Wakala akikuletea 1,980 nzima, ujue amekutoza bandari na bakshishi za mzimu. Mwambie akuchambulie gharama mstari kwa mstari, na atazame tena hiyo mistari miwili.

Na kabla hatujaendelea: nyongeza ya asilimia 100 na nauli ya asilimia 200 ni kitu kimoja. Kuna watu wameshachagua kampuni "nafuu" kwa kutolijua hilo. Nyongeza ya asilimia 50 ni nauli ya asilimia 150, na kadhalika. Uliza kila mara: nyongeza juu ya nauli, au nauli nzima?

Watetezi wa meli wana hoja, na nitaikubali kwa shingo upande. Teksi ya Posta hadi Mbezi haikupunguzii kwa sababu kiti cha pembeni kitupu. Kabini ni kabini. Ikiondoka na mtu mmoja, nafasi ya pili haitauzwa tena kesho kama nyanya zilizolala. Halafu kuna fedha zinazotumika ndani ya meli: baa, kasino, matembezi ya bandarini, intaneti, migahawa ya kulipia. Kwenye hesabu za Royal Caribbean, kampuni kubwa ya meli za kitalii, za mwaka 2023, karibu theluthi ya mapato ilitoka huko, si kwenye nauli. Mto mtupu wa kitandani haunywi mojito wala haupotezi senti kwenye mashine za kamari. Sawa.

Lakini mto mtupu hauli pia. Haushindi kwenye bufee ukijaza sahani ya kamba mara nne, hauchafui taulo sita kwa siku, hauogi. Huyo wa pili ambaye hakuja hana gharama hata ya sabuni, na bado nauli yake inalipwa kamili, senti kwa senti, kana kwamba anakula. Kama hoja ni chumba, basi tangazeni bei ya chumba! Gesti yoyote ya Kariakoo ina ubao mapokezi: chumba kiasi fulani. Uingie peke yako, uingie na mkeo, uingie na usiyetaka ajulikane, bei ni ileile na unaiona mlangoni kabla hujavua viatu. Meli ya mamilioni ya dola imeshindwa kuandika ubao huo. Wanatangaza kwa kichwa, wanakusanya kwa chumba. Likija suala la kuvutia macho, ninyi ni watu wawili wa 700. Likija suala la kulipa, wewe ni kabini ya 1,400. Hapo ndipo ninapokataa, na sitalainishwa na kuku wa bure wa siku ya kupanda meli.

Tena angalia wanavyohesabu kujaa. Kabini yenye watu wawili ndiyo asilimia 100. Vitanda vya kukunjua vya watoto vinaipandisha juu ya hapo. Mwaka huohuo wa 2023 Royal Caribbean ilivuka asilimia 105. Kwa mfumo wa namna hiyo, mtu mmoja kwenye kabini ni pengo la nusu, na kompyuta inayopanga bei haina huruma na pengo.

Walioanza kutibu jambo hili kwa vitendo ni kampuni ya Norwegian. Mwaka 2010 meli yao ya Norwegian Epic ilitoka na vyumba 128 vya mtu mmoja, wakaviita studio. Ukubwa ni kama mita za mraba 9, hakuna dirisha la bahari, kuna kidirisha cha duara kinachotazama ujia, na bafu la Epic lile lenye sifa mbaya, sinki iko chumbani, choo na bafu kila kimoja na mlango wake. Wenye ndoa walililalamikia sana. Aliye peke yake halimhusu, nani amwonee haya? Pamoja na studio kuna sebule yao, inayofunguka kwa kadi za wakazi wa studio tu, yenye kahawa na mwenyeji wa kukutanisha watu wa kula pamoja jioni. Meli zao za Breakaway na Getaway zikafuata na studio 59 kila moja, Escape 82. Kisha kuanzia mwaka 2024 kampuni ikatenga madaraja ya bei ya mtu mmoja hata kwenye meli zake za zamani zisizo na studio, pamoja na kabini za dirisha na za roshani. Hongera zao, kwa nusu mdomo.

Kwa nini nusu? Kwa sababu studio imekuwa mtego wa waliosoma nusu ya habari. Vyumba ni vichache, wanaovitaka ni wengi, na bei yake hupanda kwa mahitaji, si kwa ukubwa. Inatokea studio ya mita 9 ikauzwa dola 1,150, huku kabini ya kawaida ya ndani kwenye meli hiyohiyo, mita 12 na zaidi, ikiwa 550 kwa mtu, yaani 1,100 ukiilipia mara mbili. Umeongeza dola 50 ili upungukiwe mita tatu. Labda sebule ile ina thamani hiyo kwako, hasa kama hujui kuanzisha mazungumzo na wageni. Lakini uinunue ukijua.

Njia ya kujikinga haina uchawi. Ingia tovuti ya kampuni, weka mtu mzima 1, uende mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kadi ya benki. Kurasa za mwanzo mara nyingi huendelea kuonyesha bei ya wawili hata baada ya kusema uko peke yako. Andika nauli tupu, bila tozo wala bakshishi. Fungua ukurasa mwingine, safari ileile, kabini ileile, watu 2, andika nauli ya mtu mmoja kati yao. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 1.3 au chini, hiyo ni bei ya kiungwana, usizungushe maneno. Kwenye 1.5 tazama mwezi mwingine. Ikifika 1.8 kwenda juu, wewe ndiye unayefadhili honimuni ya kabini ya jirani. Fanya hivyo kwa kabini ya ndani, ya dirisha na ya roshani, kwa sababu uwiano haufanani. Wakati mwingine ya ndani iko 2.0 kamili na ya roshani imeshuka 1.5 kwa kuwa zimebaki nyingi. Na yale matangazo ya "mgeni wa pili nusu bei", angalia kama punguzo linabaki ukiwa mmoja. Likitoweka, rudi kwenye mgawanyo wako.

Wengine kwa ufupi. Royal Caribbean ina studio kwenye meli za daraja la Quantum, baadhi zina roshani, na zinaisha mapema mno. Celebrity Edge ina kabini 16 za mtu mmoja. Kwa meli ya karibu abiria 3,000, hizo ni za kuonyesha wageni. Holland America iliweka 12 zenye dirisha kwenye Koningsdam. Cunard iliongeza 15 kwenye Queen Mary 2 mwaka 2016, nzuri sana kwa safari ya Southampton hadi New York, usiku 7 bila kuona nchi kavu. Carnival biashara yake ni familia, usitegemee mengi. Silversea na Seabourn hutangaza nyongeza ya asilimia 25 kwa baadhi ya safari na watu wanashangilia, wakisahau kuwa robo ya dola 6,000 ni 1,500. Meli za Antaktika kutoka Ushuaia, Argentina, mara nyingi hukupa nafasi ya kugawana kabini na mgeni wa jinsia yako bila nyongeza; ukoromaji wake ni bahati yako. Anayestahili sifa bila kinyongo ni Saga ya Uingereza, kabini zaidi ya 100 za mtu mmoja kwenye kila moja ya meli zake mbili za baharini, zote na roshani. Sharti uwe na miaka 50 na kuendelea. Subirini, vijana.

Sasa kuna ushauri mmoja unaonakiliwa kila mahali na ambao kwa pasipoti zetu ni danganya toto: subiri dakika za mwisho. Kwa mwenye pasipoti ya Ujerumani ni ushauri mzuri. Malipo ya mwisho hudaiwa kati ya siku 90 na 120 kabla ya safari kwa kampuni nyingi. Wasiomalizia wanafuta, kabini zinarudi sokoni, na ndani ya miezi miwili ya mwisho nyongeza huporomoka. Mjerumani anabeba begi anaondoka. Sisi tunaomba viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima isiyopungua yuro 30,000, uamuzi kwa kawaida siku 15 lakini unaweza kufika 45, na hapo hujahesabu foleni ya kupata miadi. Tena lazima uonyeshe safari uliyokwisha kuiweka. Kama meli inatoka Barcelona, inagusa Tunis au Kusadasi ya Uturuki, ambako ni nje ya Schengen, kisha inarudi Naples, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mara moja itakuacha gatini na sanduku lako. Kwa hiyo Mediterania kwetu ni ya kununua mapema, miezi sita au zaidi, kwa nauli inayorejeshwa hata kama imezidi kidogo, ili viza ikikataliwa usilie mara mbili. Soma tarehe ya mwisho ya kurejeshewa kabla ya kusoma menyu.

Ndiyo maana nashangaa watu wetu wanaipita Durban. Miaka ya karibuni kampuni ya MSC imekuwa ikipeleka meli Durban na Cape Town wakati wa joto la kusini, takriban Novemba hadi Aprili, na safari fupi za usiku 3 au 4 kuelekea Msumbiji. Mkenya na Mtanzania hawahitaji viza ya Afrika Kusini kwa matembezi mafupi. Huko ndiko dakika za mwisho zinatufaa hata sisi. Epuka Desemba na Pasaka, familia zinajaza vitanda hadi vya kukunjua na hakuna atakayekubembeleza. Tazama katikati ya Januari baada ya shule kufunguliwa, au Februari. Kabini nyingi zitakuwa za nauli mara mbili, lakini mara mbili ya safari ya usiku 3 ni maumivu madogo, na nauli ya ndege kutoka Dar au Nairobi haifanani na ya kwenda Barcelona.

Kuna vifaida viwili vitatu vya kuwa peke yako, tusiwe wa kulia tu. Vifurushi vya vinywaji kwa kampuni nyingi hulazimisha watu wazima wote wa kabini moja kununua. Wewe hulazimishwi na mlevi wa mtu. Royal Caribbean humpa anayelipa nauli ya wawili pointi za ziada za uanachama kwa kila usiku, kwa hiyo unapanda daraja haraka.

Halafu kuna mchezo wa abiria hewa. Ofa zikikaa vibaya, kabini ya wawili hutokea kuwa rahisi kuliko ya mmoja, basi watu wanaandikisha rafiki ambaye hatakuja, wanakwenda peke yao, na wanadai kurudishiwa tozo za bandari za asiyefika. Siushauri. Kampuni zikigundua zinaweza kubadili bei au kufuta kabini, na afisa wa viza akiona majina mawili kwenye safari na ombi moja mezani atauliza mwenzako yuko wapi. Lakini nchi hii iliyokwisha kuwasaka wafanyakazi hewa inajua kwamba hewa haijizai yenyewe, na huyu kamzaa mwenye meli. Ukiona wawili ni nafuu kuliko mmoja, piga picha za skrini kurasa zote mbili, bei na tarehe zionekane, umtumie wakala na umwombe akupe kabini hiyo kwa bei ile ya chini, jina lako peke yake.