Mwenye Kumdai Marehemu Ajitokeze

Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki huko Balmoral, Uskochi, Septemba 8, 2022, akiwa na umri wa miaka 96, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru bendera za Kenya zipepee nusu mlingoti kwa siku nne. Zilikuwa siku zake za mwisho Ikulu. William Ruto aliapishwa tarehe 13. Mara swali likazuka mitandaoni na majumbani: tunamlia nani, na kwa lipi? Aliyethubutu kutaja Mau Mau, wapiganaji wa uhuru waliokandamizwa na Waingereza miaka ya 1950, alijibiwa papo hapo kwamba huu si wakati wake, marehemu hasemwi vibaya.

Jibu hilo silidharau. Marehemu hasemwi kwa sababu hawezi kujitetea, na waliobaki wana jeraha bichi. Pale Westminster watu wapatao 250,000 walipanga foleni usiku na mchana, wengine zaidi ya saa kumi na mbili, ili wapite mbele ya jeneza kwa sekunde chache, wainamishe kichwa, watoke. Mtu hasimami kwenye baridi usiku kucha kwa ajili ya maigizo. Alitawala miaka 70, kwa hiyo Waingereza wengi hawakuwahi kumjua mwingine kwenye kiti kile, na kifo chake kiliwakumbusha mama na bibi zao waliotangulia.

Wanaomtetea wana hoja nyingine nzito zaidi. Malkia wa Uingereza hatawali. Wanaoamua ni mawaziri, na katika makoloni walikuwa magavana. Februari 6, 1952, alipopewa habari ya kifo cha baba yake akiwa Sagana, hapa Kenya, alikuwa na miaka 25 tu. Aliyetangaza hali ya hatari Oktoba 20 mwaka huohuo alikuwa Gavana Evelyn Baring. Ni haki gani, wanauliza, kumbebesha mama huyu dhambi za maofisa wa Nyeri na Hola?

Lakini tazama ardhi yenyewe. Usiku ule baba yake alipokufa, Elizabeth alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Miaka miwili baadaye wapiganaji waliojificha katika misitu hiyohiyo waliiteketeza. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama zilizofanya kazi kwa jina lake. Maelfu kwa maelfu wakafungiwa kambini bila kesi. Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola kwa kukataa kufanya kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema chanzo cha vifo vyao ni maji waliyokunywa. Na kuna jambo ambalo Wakenya wengi tumelisahau: hata baada ya uhuru, kuanzia Desemba 12, 1963, hadi tulipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye, Elizabeth alikuwa Malkia wa Kenya.

Basi je, ulikuwa wakati wake au haukuwa? Mimi ni Mwislamu wa pwani, na nimesimama katika mazishi mengi. Jeneza huwekwa mbele, safu zikanyooshwa, na kabla ya takbira ya kwanza mwana mkubwa au ami wa marehemu hugeuka akatazamana na watu. Sauti yake mara nyingi huwa inakwama. Husema: mzee wetu ameishi na watu, aliyemkosea tunaomba amsamehe, na mwenye kumdai ajitokeze, sisi warithi wake tupo. Sijapata kumsikia mtu akisema huo ni utovu wa adabu. Tunaamini roho ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe, kwa hiyo kuliuliza deni mbele ya jeneza ni kumfanyia hisani aliyelala ndani yake.

Ndiyo maana nawapa haki waliouliza. Deni halikugeuka kuwa tusi kwa sababu limetajwa siku ya msiba. Huko Uingereza kwenyewe polisi waliwakamata baadhi ya waliopaza sauti kupinga ufalme siku zile, na hapo ndipo maneno "si wakati wake" yanapogeuka kutoka adabu kuwa pingu.

Ila desturi hiyohiyo inawakosoa wengine pia. Deni hudaiwa warithi, maiti haipigwi. Waliomwombea bibi wa miaka 96 afe kwa uchungu hawakumsaidia hata mzee mmoja aliyepitia kambi zile. Nasi tukumbuke kuwa marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria zetu mpaka 2003, ilipoondolewa chini ya Rais Mwai Kibaki. Kwa miaka 40 ya uhuru, wapiganaji hao walikuwa wanachama wa chama haramu katika nchi waliyoipigania. Sehemu ya deni hilo iko Nairobi.

Na warithi wa upande ule je? Kiti cha Uingereza hakikai wazi hata dakika moja: mama alipokata roho, Charles alikuwa mfalme. Taji, wanasema, halifi. Lakini wazee wa Kenya walioteswa kambini walipoishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009, utetezi wake ulikuwa kwamba dhima yoyote ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Yaani heshima ilirithiwa London, deni likaachiwa waliodhulumiwa. Jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo mwaka 2011. Juni 2013, Waziri William Hague alitangaza bungeni kwamba serikali inasikitika, na kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, gharama za kesi zikiwemo, bila kukubali kuwa inawajibika kisheria. Hata ukiigawa hela yote bila kutoa gharama, haifiki pauni 4,000 kwa mtu. Kesi nyingine ya wadai wapatao 40,000 ilianguka mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita mno.

Mrithi mwenyewe alikuja Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023. Mfalme Charles alisema ukatili ule hauna udhuru, akaeleza huzuni na majuto makubwa. Neno la kuomba msamaha hakulitamka. Nayapokea majuto yake, kwa kuwa mama yake hakuwahi kufika hata hapo hadharani, lakini mdai huja kwa warithi akitaka kusikia lini watalipa.

Mukami Kimathi hakuyasikia. Mumewe, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, akafukiwa katika ardhi ya gereza bila alama. Miaka nenda rudi mama huyu aliwaomba wakubwa wa pande zote mbili waonyeshe alipolazwa, amtoe, amzike kwa heshima. Alifariki Mei 2023, miezi kama sita kabla ya Mfalme kutua, kabla ya kuonyeshwa kaburi.