Seva ya simu ikizimwa, alama 7.5 haitoshi

Katika kipimo cha CVSS toleo la 3.1, kinachotumika sana kupima uzito wa udhaifu wa programu, kasoro inayomwezesha mtu wa mbali kuzima seva kwa urahisi bila hata nenosiri hupata 7.5 kati ya 10. Inayomwezesha kuiteka seva nzima hupata 9.8. Kwa tovuti nyingi tofauti hiyo ni ya haki. Kwa seva ya simu za intaneti, inapotosha.

Wanaoitetea wana hoja. Programu ikianguka, hakuna siri iliyovuja wala faili lililobadilishwa, na mara nyingi hujiwasha tena baada ya sekunde chache. Wasimamizi wa mifumo wana kazi nyingi; ukiwapigia king'ora kwa kila kasoro, watazoea kutokisikia. Tena masahihisho yakiwekwa kwa pupa yanaweza yenyewe kukata simu. Hoja hii ya mwisho naikubali kabisa.

Lakini hebu tufuate paketi yenyewe, yaani kile kifurushi cha data kinachosafiri kwenye mtandao. Itifaki ya SIP, yaani kanuni za mawasiliano zinazoanzisha na kumaliza simu, mara nyingi husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data bila kwanza kufungua muunganisho, kupitia lango 5060. UDP haianzi kwa kuhakikisha nani anaongea, hivyo anwani ya mtumaji ni rahisi kughushi. Ujumbe wa SIP ni maandishi, na seva hulazimika kuyasoma kabla ya kujua ni nani aliyeyaleta. Kasoro ikiwa kwenye usomaji huo, ujumbe mmoja ulioandikwa vibaya kwa makusudi unatosha. Si nadharia: mwaka 2003, majaribio yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, yalionyesha udhaifu wa namna hii katika bidhaa za SIP za watengenezaji mbalimbali.

Na zile sekunde chache? Seva inapoanguka, simu inazozishikilia hukatika pamoja. Inapoinuka, vifaa vyote hurudi kujisajili kwa mkupuo. Mshambuliaji akituma ujumbe uleule kila inapoinuka, kujiwasha hakusaidii kitu. Aliyekuwa anaita gari la wagonjwa hafarijiki kusikia kwamba siri zake ziko salama.

Sisemi kila kasoro ipandishwe. Inayohitaji mtumiaji aliyekwisha kuingia kwa akaunti yake hupata 6.5, nami siigombi, kwa sababu akaunti hiyo inaweza kufungwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba kipimo chenyewe kina njia ya kurekebisha. Kinaruhusu taasisi kutamka kuwa upatikanaji wa huduma ni wa lazima kwake. Ikifanya hivyo, ile 7.5 inakuwa 9.3. Ila tangazo la udhaifu kwa kawaida hubeba alama ya msingi tu, ile isiyozingatia mahitaji ya taasisi, na msimamizi mwenye haraka hupanga kazi zake kwa namba anayoiona. Watengenezaji wa programu za simu wanajua programu zao zinatumika wapi. Waandike alama zote mbili, bega kwa bega, kwenye tangazo lilelile.