Sadaka ya Karatasi

"Sasa karatasi hizi zitaliwa?"

Ami aliniuliza hivyo mbele ya watu wote, sinia za pilau hazijaondolewa, na baraza zima la nyumba yetu ya Tanga likanyamaza. Tulikuwa tumemaliza hitima ya babu. Watoto na wajukuu tulishakubaliana kuchanga kila mwezi na kuanzisha mfuko kwa jina lake: mchele, sukari na tende kwa wajane wa mtaa kila Ramadhani, na ada za shule za yatima wawili. Nami nikaomba fungu moja katika kumi liende kwenye sanduku lake la vitabu. Mna vitabu vya fikihi mle, na madaftari ya tenzi alizozinakili kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu. Katika ukoo mzima wanaoweza kuzisoma hawazidi watatu, na wote wamepita miaka sabini. Nilitaka tumlipe kijana mmoja akae nao, ajifunze, anakili. Jibu nililolipata ndilo hilo.

Sikumjibu. Ni ami yangu, na siku ile haikuwa ya mabishano. Lakini wiki ya tatu hii swali lake linaniamsha usiku, kwa hiyo nalijibu hapa.

Mimi ni mkutubi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimfikiria mtu ambaye hana uhusiano wowote na Tanga. Anaitwa Lucius Littauer. Baba yake, Nathan, alikuwa Myahudi aliyehama Prussia akaenda Marekani, akaanza kwa uchuuzi, kisha akaingia kwenye utengenezaji wa glavu katika mji wa Gloversville, jimbo la New York. Glavu zenyewe ndizo zilizoupa mji ule jina. Lucius alizaliwa hapo mwaka 1859, akasoma Harvard, akarudi kuikuza biashara ya baba, akawa mbunge kuanzia 1897 hadi 1907. Baba alipofariki, mwana alijenga hospitali mjini kwao na kuiita Nathan Littauer. Ilifunguliwa 1894, na mpaka leo wagonjwa wanatibiwa chini ya jina hilo.

Hapo hata ami angeitikia. Hospitali ni hospitali.

Lakini mwaka 1925 mtu huyuhuyu alikwenda Harvard akatoa fedha za kigoda, yaani nafasi ya kudumu ya profesa, cha fasihi na falsafa ya Kiyahudi, nacho pia akakiita Nathan Littauer. Hakuona haja ya kumchagulia baba yake kati ya kitanda cha mgonjwa na meza ya mwanachuoni. Aliviweka vyote viwili chini ya jina moja, na mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililia, kwa kuwa ndilo nililokuwa nikilitaka kwa babu bila kulijua.

Wa kwanza kukikalia kigoda hicho alikuwa Harry Wolfson, mzaliwa wa 1887 katika kijiji cha Ostryna, Belarus ya leo. Alikuwa akifundisha Harvard tangu 1915, lakini kwa mshahara ulioegemea michango ya wafadhili, na mchango wa mwaka huu hauahidi wa mwakani. Nawaomba msipite hapa haraka. Mtu anayejua kazi yake inaweza kwisha Juni haanzi kitabu cha miaka kumi. Anaandika vipande, anatafuta barua ya kumtambulisha mahali pengine, na kichwa chake nusu kiko kwenye kodi ya nyumba. Kigoda kilibadilisha hilo kwa njia ambayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa, maana ni ileile ya wakfu: shamba la minazi haliuzwi, nazi zake ndizo zinazonunua mafuta ya taa na mikeka ya msikiti, na aliyelitoa anaweza kufa leo, taa ikaendelea kuwaka. Wolfson alikaa kwenye kigoda hicho hadi 1958. Alisoma Kiebrania, Kiarabu, Kigiriki na Kilatini, na miongoni mwa kazi zake kubwa ni kitabu kuhusu ilmu-l-kalam ya Waislamu, elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja, kilichochapishwa 1976, miaka miwili baada ya kifo chake. Fedha za glavu, zilizotolewa kwa ajili ya masomo ya Kiyahudi, zilimlea mtu aliyewasoma wanazuoni wetu kwa uvumilivu ambao wajukuu wao hatunao.

Mwaka 1929 Littauer alianzisha mfuko kwa jina lake, na mwaka huohuo akainunulia maktaba ya Harvard mkusanyiko wa vitabu vya Kiebrania wa Ephraim Deinard, yapata vitabu 12,000. Bila shaka walikuwapo waliouliza kama vitaliwa. Miaka minne baadaye maprofesa wa Kiyahudi wakafukuzwa kwenye vyuo vikuu vya Ujerumani, na vita vilipofika Vilna, ndiyo Vilnius ya Lithuania ya leo, Wanazi wakaipora maktaba ya Strashun, fahari ya mji ule. Vitabu vilivyokuwa ng'ambo ya bahari vilisalimika.

Nakubali, hakuwa malaika. Mwaka 1914 wakataji wa glavu wa eneo lile waligoma wakidai malipo bora, naye alikuwa mmoja wa wenye viwanda wakubwa; mwaka huohuo alikiri mahakamani kosa la kuingiza vito kwa magendo. Mambo hayo sitayafunika. Na mwenye njaa anakula kwanza, hilo pia nalikubali, ndiyo maana niliomba fungu moja tu kati ya kumi.

Ila neno sadaka lenyewe linanisumbua. Kwa Kiebrania ni tzedakah, mzizi mmoja na letu lililotoka Kiarabuni, na kwao mzizi huo ndio unaozaa neno la haki. Musa bin Maymun, tabibu na faqihi wa Kiyahudi aliyefariki 1204, alipanga daraja nane za utoaji, na ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, mpaka asihitaji tena kuomba. Kijana wangu wa kunakili tenzi angekuwa na kazi. Wajukuu wa babu wangekuwa na haki yao ya kujua aliandika nini.

Usiku ule, wageni walipoondoka, nilifungua sanduku. Daftari la chini kabisa lilikuwa limeliwa na mchwa kuanzia pembeni hadi katikati, mistari inaanza vizuri kisha inaishia kwenye udongo. Nilikwenda nalo kwa shangazi, mmoja wa wale watatu, akaweka miwani, akasoma beti nne, akasimama palipokuwa na tundu. Alisema, "Hapa baba alikuwa anamtaja mama." Jina lilikuwa limekwenda.

Sanduku sasa liko chumbani kwangu, juu ya matofali manne. Shangazi anakuja kila Alhamisi baada ya alasiri, yeye anasoma, mimi naandika. Tumefika daftari la pili. Kikao cha familia ni baada ya Idi, na nitaliomba tena lile fungu.