Tanuri Lililovunja Rekodi ya Baridi

Watu wakisikia mimi ni injinia wa matanuri ya kuchomea matofali ya kuhimili moto, yale yanayojengewa ndani ya vinu vya kuyeyushia chuma, hudhani nahangaika na moto. Moto nimeuzoea. Ambao sijawazoea ni mafundi wasio na shaka.

Fundi umeme wetu alibadilisha themokapo usiku, aina ya K, kile kijiti cha kupimia joto ndani ya tanuri. Kina waya mbili, ya manjano na nyekundu, na kwa utaratibu wa Kimarekani nyekundu ndiyo hasi. (Aliyepanga hivyo alikuwa na ugomvi na mafundi umeme wote.) Wetu naye ana imani yake: nyekundu ni chanya, basi. Akafunga kwa imani, akaenda kulala.

Asubuhi zamu ikawasha. Ndani mlikuwa na matofali mabichi ya alumina, bado yana unyevu, yanayotaka joto lipande kwa kunyatia. Kipimo kikasoma 30. Kikasoma 12. Kikasoma hasi 5.

Mzee wa zamu akaniita kwa redio. "Injinia, mwanangu, njoo. Tanuri linaganda."

"Linagandaje, mzee, na moto unawaka?"

"Unawaka. Ila nadhani ni wa baridi."

Waya zikigeuzwa, joto likipanda kipimo hushuka. Kidhibiti kikaona maskini tanuri linatetemeka, kikaliongezea gesi. Likatetemeka zaidi, kikaongeza zaidi. King'ora cha joto kupita kiasi kilinyamaza tu. Hasi 40 nacho kingelalamikia nini?

Nilipofika, meneja alishatangulia, amefura. "Injinia, nimenunua tanuri au friji?" Kabla sijamjibu akainama kuchungulia kwenye tundu la ukaguzi. Akainuka na nyusi moja na nusu.

Nikakata gesi. Lakini matofali yalikuwa yameshapata moto, na joto likaendelea kutambaa ndani kwa ndani. Kipimo kikafika hasi 80, kikapita hasi 90. Hapo sikujizuia. Baridi kali kuliko zote kuwahi kupimwa hewani juu ya uso wa dunia ni nyuzi hasi 89.2, kituo cha Vostok, Antaktika, mwaka 1983.

"Mzee, hongera. Tumewashinda Antaktika."

Mzee akanipa mkono. Tukiwa bado tumeshikana mikono, tanuri likasema: pu!

Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na katikati ya tofali nene, mvuke ukija ghafla hauna pa kutokea. Pu! Pu-pu! Yakapasuka kama bisi, vipande vikigonga kuta, sisi wote nyuma ya kabati la umeme. Fundi, aliyeamshwa kwa simu, alikuwa amejibanza mgongoni kwangu akininong'oneza sikioni: "Lakini injinia, nyekundu ni chanya."

Tulipofungua mlango tulikuta kokoto. Kokoto nzuri, siwezi kusema uongo, zimelingana ukubwa.

Ilibaki kujaza daftari la zamu. Mzee akavaa miwani, akalamba ncha ya kalamu, na kwenye mstari wa chanzo cha hasara akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Baridi kali." Meneja, kiganja kimoja usoni, akatia saini bila kusoma.