Nilivyochangiwa matanga yangu

Mteja wa siku hizi Kisumu halipi kwa noti. Anatoa simu, anaingiza namba ya tili, 250 kamili ya kapuchino, ujumbe wa M-Pesa unalia, ameenda. Zamani angetoa 300, chenji ikabaki mezani. Sasa haibaki hata shilingi, na wewe umesimama kwenye mashine ya espreso tangu saa kumi na mbili asubuhi, mvuke wa maziwa usoni na joto la ziwa mgongoni.

Nikaamua kujitafutia. Nikaosha chupa kubwa ya mayonezi, nikaiweka kaunta. Ndani nikatia noti yangu mwenyewe ya 200, kama yai moja linaloachwa kiotani ili kuku aendelee kutaga. Na kwa kuwa sikutaka kugawana na mwenzangu wa zamu (choyo, nakubali), nikaenda saiba kuchapisha picha yangu nikitabasamu. Ya rangi ilikuwa 40, nyeusi na nyeupe 10. Nikachukua ya 10. Chini yake nikaandika: ASANTE KWA UPENDO WENU. Mwenzangu akaona pamependeza, akasogeza na maua.

Wenye akili mmeshaona. Mimi sikuona.

Saa nne akaingia mzee mmoja, mteja wetu wa kila siku. Akasoma, akavua kofia. Akatazama picha, akanitazama, akairudia picha.

"Mos, nyathina," akasema kwa Kijaluo, yaani pole, mwanangu. "Mlikuwa mapacha?"

"La, mzee. Huyo ni mimi."

Akanishika bega, akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yake: "Mwache tu. Bado hajakubali."

Akatia 500. Na mtu wa kwetu hatoi 500 ya matanga kimyakimya, akadai daftari. Yule mama akachomoa karatasi mkobani, akachora mstari katikati, jina huku, kiasi kule. Ile 200 aliyoikuta ndani akaiandika namba moja: Asiyejulikana. Kijana wa tuktuk aliyeleta maziwa akatia 50. Wa meza ya dirishani, ambao hawajawahi kuniachia hata kumi, wakatia 1,000. Kila nikitaka kueleza, naambiwa nijikaze. Na nisiwadanganye: pesa ilipofika 3,000, hamu ya kueleza ilianza kupungua.

Kumbe mama wa karatasi ameipiga picha ile picha, ameirusha kwenye kundi la WhatsApp la matanga. Povu la kikombe chake halijatulia, habari imeshapita Ahero na kufika kijijini kwetu. Simu yangu ikalia: Mama. Mikono ilikuwa imejaa maziwa, nikaweka spika kwa kiwiko.

"Haloo?"

Kimya. Halafu sauti ikitetemeka: "Wewe uliyeshika simu ya mtoto wangu, ni nani?"

"Mama, ni mimi."

"Kama ni wewe, taja jina la ng'ombe wetu aliyekufa mwaka juzi."

Nikalitaja. Ndipo akaanza kunitukana, nikajua ameamini. Duka zima lilisikia, na bosi pia, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, akatia mkono mfukoni apate la kuchanga.

Nikaamriwa nirudishe zote, mmoja mmoja, kwa kufuata karatasi. Za Asiyejulikana bosi akazifungia kwenye droo mpaka mwenyewe ajitokeze. Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Akaniuliza ushahidi uko wapi.

Mzee nilimwendea wa mwisho, 500 yake nimeishika kwa mikono miwili. Akaitazama bila kuigusa.

"Pesa ya matanga haimrudii aliyeitoa," akasema. "Weka tu. Siku itafika."

Akamaliza kapuchino yake, akavaa kofia, akatoa simu akalipa. 250, kamili.